Siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa zilihesabiwa kwa ng'ombe mzima

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Nenda duka lolote la dawa za mifugo hapa Mwanza, iwe mjini au kwenye senta za Magu, Misungwi na Sengerema, utamkuta mfugaji akiuliza: "Nikimchoma hii, nisubiri siku ngapi kabla ya kuchinja au kuuza maziwa?" Muuzaji anageuza chupa ya OTC, yaani oksitetrasaiklini, ya asilimia 20 na kusoma: nyama siku 28, maziwa siku 7. Mfugaji analipa na kuondoka. Ameuliza vizuri na amejibiwa sawasawa, lakini nyama ya ng'ombe huyo inaweza kufika buchani ikiwa na dawa kupita kiwango, hata kama mfugaji atazingatia tarehe.

Tuanze na namba yenyewe ilikotoka. Mtengenezaji wa dawa huchoma kundi la ng'ombe wazima, yaani wasio wagonjwa, wote kwa dozi iliyoandikwa na kwa njia iliyoandikwa. Kisha huwachinja kwa awamu, wachache kila awamu, na kupima mabaki ya dawa kwenye nyama, mafuta, maini, figo na pale sindano ilipoingia. Vipimo hivyo huchorwa kwenye mstari unaoshuka. Mamlaka hazichukui wastani wa mstari huo. Ulaya hutafuta siku ambayo ng'ombe 95 kati ya 100 watakuwa chini ya kiwango kinachoruhusiwa, na Marekani hutaka 99 kati ya 100. Kwa hiyo siku 28 zina akiba ndani yake. Lakini akiba hiyo ni ya kufidia tofauti ndogo kati ya mzima na mzima. Haikuwekwa kwa ajili ya ng'ombe aliyelala siku tatu na ugonjwa wa ndigana, halafu mwenye mali akaamua kumwahi na kisu.

Kiwango kinachoruhusiwa kwa oksitetrasaiklini, kwa mujibu wa Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, ni mikrogramu 200 kwa kilo ya nyama, 600 kwa kilo ya maini, 1,200 kwa kilo ya figo na 100 kwa lita ya maziwa. Namba hizi zinatofautiana kwa kuwa dawa haikai mwilini kwa usawa. Oksitetrasaiklini hutoka zaidi kwa njia ya mkojo, ndiyo maana figo huwa na mabaki mengi. Diminazini, ile ya unga wa njano ya kutibu ugonjwa wa nagana, hung'ang'ania kwenye ini: kiwango chake ni 500 kwenye nyama lakini 12,000 kwenye maini.

Sasa hesabu yenyewe. Watu wengi hudhani dawa hutoka mwilini kama mahindi ghalani, debe moja kila siku mpaka yaishe. Sivyo. Hutoka kwa nusu. Kila baada ya muda fulani, kilichopo hubaki nusu yake, kisha nusu ya nusu, na kuendelea. Tuuite muda huo muda wa nusu. Chukua mfano wa figo yenye mikrogramu 9,600 kwa kilo, na muda wa nusu uwe siku 3. Baada ya siku 3 zimebaki 4,800, baada ya siku 6 ni 2,400, na siku ya 9 ni 1,200. Hapo umegusa kiwango.

Mfugaji akizidisha dozi mara mbili, figo huanza na 19,200. Wengi wetu tungedhani siku nazo zitakuwa mara mbili. Hapana, umeongeza nusu moja tu, yaani siku 3, na zinakuwa 12. Lakini dozi ikiwa ileile na figo za ng'ombe zikawa zinafanya kazi kwa nguvu nusu, muda wa nusu unakuwa siku 6 na kusubiri kunakuwa siku 18. Yakikutana yote mawili, dozi kubwa na figo dhaifu, ni siku 24 badala ya 9. Tunaomba wasomaji wasimame hapo kidogo. Mafunzo na mabango karibu yote husema "usizidishe dozi", na ni kweli usizidishe, ila kinachosogeza tarehe zaidi ni hali ya mnyama siku alipochomwa. Na anayechomwa kwa kawaida ni mgonjwa. Mzima hana haja ya sindano.

Ni hali gani hiyo? Ng'ombe asiyekunywa maji, mwenye homa, anayehara, aliyekondeana kwa kiangazi cha Juni hadi Septemba malisho yanapokauka, au aliyetembezwa siku nzima kwenda mnadani. Damu inayopita kwenye figo zake hupungua, mkojo unakuwa mchache na mzito, na dawa inayotegemea mkojo inabaki ndani. Penisilini na OTC zote ziko kundi hilo. Dawa za minyoo kama albendazo hutegemea ini, kwa hiyo ng'ombe mwenye minyoo bapa ya ini aliyekula majani ya mabondeni kando ya ziwa naye ana shida yake: kiungo cha kuisafisha dawa ndicho kilichotobolewa. Mwenye ng'ombe hahitaji maabara kuona dalili za kwanza. Atazame mkojo, avute ngozi ya shingo aone kama inarudi haraka, aangalie macho kama yamezama.

Jambo la pili ni pale sindano inapoingia. OTC ya LA, hizo herufi mbili zikimaanisha inakaa muda mrefu, imetengenezwa ijikusanye kwenye msuli na kuachia dawa kidogo kidogo. Dozi yake ni mililita 1 kwa kila kilo 10 za uzito. Ng'ombe wa kilo 260 anapata mililita 26. Chupa nyingi hukataza kuzidisha mililita 10 hadi 20 mahali pamoja, kwa hiyo 26 zigawanywe shingoni sehemu tatu, mbili upande mmoja na moja upande wa pili. Tunachokikuta sana ni mililita zote kusukumwa mahali pamoja, tena pajani kwenye steki, kwa sababu paja ni kubwa na ng'ombe akiwa kwenye kibanio ni rahisi kulifikia. Bonge la dawa linabaki pale, msuli unaoza kidogo kuuzunguka, damu haiingii vizuri, na dawa inaendelea kuvuja kwa wiki kadhaa baada ya tarehe ya chupa kupita. Mchuna ngozi hulijua doa hilo: la njano au kahawia, limelowa, nyama yake haina uzi mzuri. Wengine hulikata na kulitupa wakadhani wamemaliza. Kukata doa hakugusi kilichokwisha kufika kwenye figo.

Uzito nao hukisiwa kwa macho. Tepu ya fundi cherehani inatosha. Pima mzunguko wa kifua nyuma kidogo ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa tako, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Mzunguko 150 na urefu 125 vinakupa kilo 259 na ushee. Huyo ndiye wengi wangemkisia kilo 350. Makosa ya kukisia juu yanaongeza siku kidogo tu, kama hesabu ilivyoonyesha. Makosa ya kukisia chini ndiyo mabaya zaidi: ng'ombe haponi, anarudiwa sindano keshokutwa, kisha mtu mwingine anakuja na dawa nyingine, na hakuna anayekumbuka sindano ya mwisho ilikuwa lini. Siku huhesabiwa tangu sindano ya mwisho, si ya kwanza.

Na angalieni asilimia. Kuna OTC ya 5, ya 10 na ya 20, chupa zikifanana kama mapacha. Kubadilisha ya 10 kwa ya 20 LA bila kubadilisha mililita ni kuzidisha dozi mara mbili, na pia kubadilisha mwendo wa dawa mwilini. Usitumie siku za chupa moja kwa dawa ya chupa nyingine.

Kwenye maziwa hesabu ni kali zaidi kwa sababu maziwa huchanganywa. Kiwango cha penisilini kwenye maziwa ni mikrogramu 4 kwa lita. Miligramu 10 tu za penisilini, ambazo ni sehemu ndogo ya sindano moja, zinatosha kufikisha lita 2,500 kwenye kikomo hicho. Ng'ombe mmoja aliyetibiwa anaweza kuharibu madumu ya kijiji kizima kwenye kituo cha kukusanyia. Ukitibu chuchu moja kwa dawa ya kiwele, usiuze maziwa ya zile tatu nyingine, kwani dawa huingia kwenye damu na kurudi upande wa pili. Ikiwa lebo inasema saa 72 na unakamua asubuhi na jioni, hiyo ni mikamuo sita baada ya dawa ya mwisho, na wa saba ndio wa kuuza. Tunarudia kwa anayeamini moto: kuchemsha maziwa kunaua vijidudu, dawa haiondoki kwa kuchemsha.

Kuna kipimo cha jikoni ambacho kina faida, ila kina mipaka yake. Chukua nusu lita ya maziwa yanayotiliwa shaka na nusu lita ya ng'ombe ambaye hajachomwa kitu kwa miezi. Chemsha yote, yaache yawe vuguvugu, tia kila chombo vijiko viwili vya mtindi uleule, funika, uyaweke mahali pamoja mpaka kesho. Ya pili yakiganda na ya kwanza yakabaki maji, usiuze. Maziwa yasiyoganda yanaweza pia kuwa na sabuni iliyobaki kwenye ndoo au usaha wa ugonjwa wa kiwele, na hayo nayo hayafai kuuzwa. Lakini yakiganda, usishangilie. Bakteria wa mtindi huishtukia penisilini haraka kuliko OTC, na diminazini au dawa ya minyoo hawaisikii kabisa. Kituo cha maziwa kinaweza kwenda hatua zaidi kwa vichupa vyenye bakteria wa joto: matone machache ya maziwa, nyuzi 64 kwa takriban saa tatu, rangi ikigeuka njano ni heri, ikibaki zambarau kuna dawa. Hata hivyo kipimo hicho nacho ni hodari kwa penisilini kuliko kwa OTC.

Kwa kuku wa mayai tuseme machache. Kiini cha yai hukua kwa kasi siku kama 10 kabla ya yai kutagwa, na dawa ya kwenye maji huingia humo tabaka kwa tabaka. Kuacha dawa jana na kuuza trei leo ni kuuza dawa. Kwa wenye vizimba vya sato ziwani, samaki huhesabiwa kwa nyuzi za joto mara siku: Ulaya imetumia siku-nyuzi 500, maana yake maji yakiwa nyuzi 25 ni siku 20. Ziwa likipoa, siku zinaongezeka.

Dawa za kloramfeniko na za jamii ya nitrofurani hazimo katika hesabu hizi. Hazitakiwi kabisa kwa mnyama wa kuliwa, kwa hiyo hakuna siku za kusubiri. Mtu akikuuzia vidonge vya binadamu "viko imara zaidi", vikatae.

Je, inawezekana kubashiri tarehe ya ng'ombe mmoja mmoja badala ya kuegemea chupa? Inawezekana, na si jambo jipya. Marekani wana huduma inayoitwa FARAD tangu mwaka 1982, inayoendeshwa na vyuo vikuu kadhaa, vikiwemo North Carolina State, Kansas State, Florida na California-Davis. Daktari wa mifugo aliyetumia dawa nje ya maelezo ya lebo huwaeleza dawa, dozi, njia na hali ya mnyama, nao humrudishia siku zilizopendekezwa. Zamani walitegemea sana muda wa nusu kama tulivyouonyesha hapo juu. Siku hizi watafiti hutumia pia programu zinazomgawa ng'ombe mafungu: damu, ini, figo, misuli, mafuta, kiwele na pale ilipoingia sindano. Kila fungu hupewa ukubwa wake, damu inayopita kwa saa, na uwezo wake wa kushika dawa. Kisha kompyuta humzalisha ng'ombe huyo mara elfu, mmoja mnene, mmoja mwenye figo mbovu, mmoja aliyechomwa vibaya, na kutazama wa mwisho kushuka chini ya kiwango anashuka siku gani. Huyo wa mwisho ndiye anayeamua tarehe.

Programu hizo zina ugonjwa mmoja: zinajua kile zilicholishwa. Vipimo vingi vilivyozilisha ni vya ng'ombe wa kizungu wa kilo 500 na zaidi, wanaokula na kunywa kwa ratiba. Ng'ombe wetu wa Kisukuma wa kilo 250, mwenye nundu, anayetembea kilomita kadhaa kufuata maji, hayumo humo kwa wingi. Ndiyo maana tungependa sampuli za figo na maini kutoka machinjio ya Kanda ya Ziwa ziambatane na historia ya dawa, si matokeo ya "ipo" au "haipo" tu. Wakala ya Maabara ya Veterinari ina kituo hapa Mwanza. Sampuli isiyo na tarehe ya sindano humkamata mkosaji mmoja. Yenye tarehe husaidia kurekebisha hesabu kwa ng'ombe wote wanaofuata.

Wakati tunasubiri hayo, kuna kanuni mbili za mkono. Ya kwanza ni ya Ulaya, ambako tangu Januari 2022 dawa iliyotumika nje ya lebo huzidishiwa siku za nyama kwa 1.5. Kwa hiyo ukibadilisha dozi au njia, 28 zinakuwa 42. Ya pili inatokana na hesabu yetu ya awali: mnyama aliyechomwa akiwa hanywi maji au mkojo umepungua, zidisha siku za chupa mara mbili. Tunajua mfugaji mwenye ada ya shule mkononi hatafurahi, na ng'ombe wa siku 56 anakula majani ya siku 56. Hapo ndipo bei ya mnada ingetakiwa kumlipa aliyesubiri, na mpaka leo haimlipi.

Ombi letu kwa halmashauri za Mwanza ni karatasi tu. Mnyama hasafirishwi kwenda mnadani au machinjioni bila kibali, na Sheria ya Utambuzi wa mifugo ya mwaka 2010 imeshatupa msingi wa hereni za masikioni zenye namba. Ziongezwe nafasi chache kwenye kibali: namba ya hereni, dawa na asilimia yake, mililita na sehemu zilipochomwa, tarehe na saa ya sindano ya mwisho, hali ya mnyama siku hiyo, na tarehe ya chini ya kuchinjwa. Ijazwe na afisa mifugo wa kata, si na dalali. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe, lori la ng'ombe kutoka Sengerema halisubiri kivuko tena, na mkaguzi wa machinjio hana muda wa kupiga simu kuulizia kila mnyama. Kibali kimwambie. Aliyewahiwa kisu kabla ya tarehe, mzoga wote ushikiliwe mpaka upimwe.

Mfano wa kibali kilichojazwa: OTC LA asilimia 20, mililita 26, shingoni sehemu tatu, 3 Julai saa 2 asubuhi, mnyama hanywi maji siku ya pili. Chupa ingesema 31 Julai. Afisa mifugo ataandika 28 Agosti, na mchinjaji atakayemkuta mnadani wiki ya kwanza ya Agosti, hata akiwa amenona na bei ni nzuri, amwache apite.

Wataalamu wa afya ya mifugo,
Mwanza